Ndani ya Wingu, Chini Ni Wapi?

Mwezi wa Januari, saa moja asubuhi, ukisimama Kapsokwony unauona Mlima Elgon wote, mwamba kwa mwamba. Ifikapo saa nane mchana mlima haupo, umejifunika. Msimu wa mvua wingu halingoji mchana wala halibaki juu. Linateremka hadi sokoni, na aliyesimama stendi hamwoni anayepanga viazi ng'ambo ya barabara.

Nataka tumfikirie mtu aliye ndani ya wingu hilohilo, ila miguu yake haigusi ardhi. Ni rubani wa ndege ndogo, mwenye leseni ya rubani binafsi. Amefundishwa kupaa, kukata kona, kutua, hata kuitua ndege injini ikizima. Pamoja na yote hayo, sheria inamkataza kuingia winguni. Kanuni za kimataifa zinamtaka, akiwa chini ya futi 10,000, aone angalau kilomita 5 mbele yake, na abaki mita 1,500 kando ya wingu na mita 300 juu au chini yake. Akitaka kuingia, lazima asomee idhini nyingine: idhini ya kurusha ndege kwa kutegemea geji peke yake.

Swali langu ni la kitoto, na naomba tusilikimbie. Ndege ni ileile na mikono ni ileile. Ukungu umemnyang'anya nini?

Tuanze na wingu lenyewe, kwa maana hapa kwetu si mgeni. Kama kilomita 100 kusini magharibi kuna Ziwa Viktoria, na jua la mchana hulipandisha maji yake kuwa mvuke. Hewa yenye mvuke huo huvuma kuelekea bara, hukutana na mlima, na kwa kuwa haiwezi kuupenya, huupanda. Kila hewa inapopanda hupata nafasi ya kutanuka, na kutanuka kunaipotezea joto, takriban nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya moto. Hufika mahali mvuke ukazidi, ukaganda kuwa vitone vidogo kuliko ncha ya sindano. Mahali hapo ndipo chini ya wingu.

Unaweza kupakadiria. Chukua joto la hewa ya Bungoma, mji ulio chini ya mlima, toa kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke ungeanza kuganda, kisha zidisha tofauti hiyo kwa mita 125. Tuseme siku kavu joto ni nyuzi 28 na kiwango cha umande ni 18. Tofauti ni 10, kwa hiyo wingu linaanza mita 1,250 juu ya Bungoma. Bungoma yenyewe iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jumla 2,650. Kapsokwony, iliyo karibu mita 2,000, iko chini ya wingu na watu wanaanika mahindi. Sasa chukua asubuhi ya mvua: joto 20, umande 16. Tofauti ni 4, sawa na mita 500, na wingu linaanzia mita 1,900. Hapo Kapsokwony imemezwa, na anayeiangalia kutoka Kimilili haoni ukungu. Anaona wingu la kawaida lililoegemea mlima.

Mtu anayetembea ndani ya wingu hilo akielekea sokoni hapotezi chini. Anaweza kupotea njia, akaingia shamba la watu, lakini haanguki kwa kutojua juu ni wapi. Tembo wanaoingia pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia wa mlima huuhuu, huenda gizani totoro kutafuta chumvi, wakipapasa njia kwa mkonga. Wao wana sakafu ya kukanyaga na ukuta wa kugusa. Rubani hana sakafu wala ukuta. Swali letu basi ni hili: mwili unajuaje chini ni wapi?

Una mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho, yanayoona upeo, mti uliosimama, nyumba. Wa pili ni nyama na mifupa: nyayo zinazokandamizwa, makalio kwenye kiti, shingo inayobeba kichwa. Wa tatu yumo ndani ya sikio. Tukiwa chini mashahidi hawa hukubaliana, ndiyo maana hatujawahi kuwahoji. Wingu humwondoa wa kwanza. Wawili waliobaki ni waongo, na nitaonyesha uongo wao unavyotokea, kwani hapo ndipo kiini cha jambo lote.

Panda boda kutoka Kapsokwony kuteremka Kimilili. Kwenye kona, dereva huinamisha pikipiki. Ukiwa umepakata kibuyu cha maziwa, maziwa hayamwagiki upande. Yanatulia kana kwamba mko barabara iliyonyooka. Kona hiyohiyo ukiipita ndani ya matatu, abiria wote wanalaliana upande mmoja. Tofauti ni kwamba matatu haiinami. Mwili wako unataka kuendelea mbele moja kwa moja, gari linakata kona, na ubavu wa jirani ndio unaokusukuma uifuate barabara. Kwenye boda, kiti kimeinama, kwa hiyo kiti chenyewe kinakusukuma juu na pembeni kwa pamoja. Wewe unahisi msukumo mmoja tu, kutoka chini ya kiti. Kwa mwili wako, chini ni kule kilikoelekea kiti.

Ndege ni boda, si matatu. Mabawa yanasukuma kuelekea mgongo wa ndege, na kusukuma huko ndiko kunakoitwa nguvu ya kuinua. Ndege ikilala upande, nguvu hiyo nayo inalala: sehemu yake inabeba uzito, sehemu inavuta ndege ikate kona. Abiria aliyefumba macho hawezi kuzitenganisha sehemu hizo mbili. Ndege ikilala digrii 30, uzito anaouhisi unapanda hadi mara 1.15. Mtu wa kilo 60 anajihisi kilo 69, na hizo 9 zimetawanyika mwili mzima, hazishtui. Chai kwenye kikombe haijasogea. Mtoto anayezungusha ndoo ya maji kwa mkono mpaka ikapita juu ya kichwa chake bila tone kumwagika ameshaiona siri hii: maji hayajui chini ni wapi, yanajua tu yanasukumwa kutoka wapi. Nyayo zetu nazo ni hivyohivyo.

Huyo ndiye shahidi wa pili. Twende kwa sikio.

Ndani ya mfupa wa kila upande wa kichwa mna mifereji mitatu iliyopinda mfano wa bangili, kila mmoja umeelekea upande wake. Imejaa maji mazito kidogo, na ndani ya kila mfereji kuna kizibo laini chenye vinyweleo. Kichwa kikigeuka, mfereji unageuka nacho, lakini maji yanachelewa. Kule kuchelewa kunakipinda kizibo, vinyweleo vinapeleka habari kwenye ubongo, nawe unajua umegeuka.

Fanya jaribio jikoni. Tia maji kwenye sufuria, nyunyiza majani ya chai juu, kisha zungusha sufuria. Mwanzoni majani yanabaki palepale na sufuria inayapita. Hii ndiyo hali ambayo sikio linasema kweli. Endelea kuizungusha kwa mwendo uleule. Baada ya muda maji yanashika kasi na majani yanazunguka sambamba na sufuria, tofauti ya mwendo ikawa sufuri. Sikio likifika hapo linasema: tumesimama. Sasa simamisha sufuria ghafla. Majani yanaendelea kuzunguka. Sikio linasema: tumeanza kugeuka, tena upande wa pili. Ni uongo mara mbili mfululizo, na kila mara ubongo unaamini.

Kama una kiti cha ofisi kinachozunguka, mkalishe mtu juu yake, mfunge macho, mzungushe taratibu bila kubadilisha mwendo. Baada ya sekunde 10 hadi 20 atakwambia mmesimama. Ukimsimamisha, atanyoosha kidole upande usio sahihi na kuapa anageuka. Mwaka 1926 rubani wa jeshi la Marekani, William Ocker, alikalishwa kwenye kiti cha namna hii wakati wa kupimwa afya, akashindwa kama kila mtu anavyoshindwa. Alirudi na kisanduku ndani yake mna geji ya kuonyesha mgeuko, akachungulia humo badala ya kusikiliza kichwa chake. Safari hii kila jibu lake lilikuwa sahihi. Kwa maoni yangu elimu nzima ya kuruka winguni ilizaliwa kwenye kiti kile. Ocker na mwenzake Carl Crane waliendelea hadi kuwafunga njiwa macho na kuwaachilia kutoka angani, nao njiwa hawakuweza kuruka. Walitandaza mabawa na kuteremka. Hata ndege wa Mungu, aliyeumbwa kwa ajili ya hewa, anahitaji kuona.

Sikio lina dosari nyingine iliyo mbaya zaidi kwa utulivu wake. Mgeuko unaoanza polepole, chini ya takriban digrii 2 kwa sekunde, haulihisi kabisa. Bawa likishuka digrii moja kila sekunde kwa sekunde 20, ndege imelala digrii 20 na rubani hana hili wala lile. Tena ndege ndogo haina haja ya sababu kubwa ili bawa lishuke: tangi moja la mafuta limepungua kuliko jingine, upepo umegusa, rubani ameinama kuchukua ramani.

Tazama sasa mambo yanavyokwenda segemnege. Ndege imelala, kwa hiyo sehemu ya nguvu ya mabawa imeacha kubeba uzito. Ikilala digrii 45, inayobaki kubeba ni asilimia 71 tu. Pua inashuka, mwendo unaongezeka. Rubani anasikia upepo ukivuma zaidi, anatupa jicho kwenye geji ya urefu, anaona anashuka. Mwili wake unamwambia mabawa yamenyooka. Afanye nini ila kuvuta usukani kuinua pua? Lakini ndege iliyolala, ukivuta usukani, hainyanyuki, inakaza kona. Kona ikikaza, inalala zaidi, inashuka zaidi, naye anavuta zaidi. Mzunguko huu umewaua marubani wengi wazuri, na kila mmoja alikuwa akifanya kile ambacho mwili ulimwapia kuwa ni sawa.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua wanafunzi 20 ambao hawajafunzwa geji, wakawazibia nje ili wawe kana kwamba wameingia winguni, mwalimu akiwa kando. Wote 20 walipoteza udhibiti. Aliyewahi alichukua sekunde 20, aliyechelewa 480. Wastani wao ulikuwa sekunde 178. Hata dakika tatu hazikufika. Walipofundishwa utaratibu mfupi wa kugeuka na kurudi walikotoka kwa kufuata geji, karibu kila jaribio lilifaulu. Mikono ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani wanamsikiliza.

Usidhani jambo hili ni la wanagenzi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507 iliondoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi. Ilikuwa Boeing 737 mpya, usiku wa mvua, giza tupu mbele. Ilianza kulalia kulia polepole mno, na mtambo wa kujiendesha ambao nahodha alidhani umeshika kazi haukuwa umeshika. Kengele ilipolia kwamba ndege imelala kupita kiasi, hatua zilizochukuliwa zilizidisha kulala kule. Ndege iliangukia kinamasi cha mikoko chini ya kilomita 6 kutoka uwanjani, kama dakika mbili baada ya kuruka. Watu wote 114 walifariki. Wachunguzi waliandika kwamba marubani walipotewa na hisia ya mwelekeo, na kwamba geji hazikufuatiliwa. Geji zilikuwepo, nzima, zikisema kweli muda wote. Kila ninapofikia habari hii hunilazimu kupumzika kidogo kabla ya kuendelea. Nchi nzima ilikaa siku mbili ikingoja mabaki yaonekane.

Kuna ajali nyingine iliyo karibu nasi zaidi, na naitaja ili nitenganishe mambo mawili. Alasiri ya tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliruka kutoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10. Iligonga milima ya Aberdare iliyokuwa imefunikwa na mawingu, na mabaki yakapatikana siku mbili baadaye. Hakuna aliyepona. Ndege hii haikupinduka kama ile ya Douala. Ilikuwa imenyooka, inaruka, na mlima ulikuwa mbele. Kwa hiyo maswali ni mawili. Chini ni wapi? Na ardhi iko umbali gani? Anayesomea kuruka winguni lazima apate jibu la yote mawili bila kutazama nje, na kila jibu lina fizikia yake.

La kwanza linajibiwa na gurudumu. Toa gurudumu la baiskeli, lishike kwa ekseli kwa mikono miwili, mwenzako alizungushe kwa nguvu, kisha jaribu kuliinamisha. Linakataa, kama kitu chenye nia yake. Watoto wanaocheza pia wanaijua tabia hii: pia inaposokota husimama wima, ikipunguza mwendo ndipo inapoyumba. Kitu kizito kinachozunguka kwa kasi hushikilia mwelekeo wa ekseli yake, na dunia yote iliyokizunguka ikigeuka, chenyewe hakigeuki. Ndiyo jairoskopu, jina alilolitoa Mfaransa Foucault mwaka 1852. Weka gurudumu dogo namna hiyo ndani ya dashibodi kwenye fremu inayojigeuza pande zote, lizungushe kwa hewa au umeme maelfu ya mara kwa dakika, kisha chora mstari juu yake. Ndege ikilala, mstari haulali. Rubani anauona upeo, mdogo wa sentimita chache, ila ni upeo wa kweli.

Tarehe 24 Septemba 1929, rubani Jimmy Doolittle alipaa kutoka Mitchel Field, New York, akiwa amefunikwa turubai juu ya kiti chake, akazunguka, akatua, bila kuona nje hata mara moja. Mwenzake Ben Kelsey alikaa kiti cha mbele kwa ajili ya dharura. Doolittle alitumia upeo wa jairoskopu wa Sperry, jairoskopu nyingine ya mwelekeo, na altimita, yaani geji ya urefu, nyepesi kuhisi iliyoundwa na Kollsman. Safari ilichukua kama dakika 15.

Ile jairoskopu ya mwelekeo ina jambo zuri linalotuhusu sisi wa ikweta. Kwa kuwa inashikilia mwelekeo wake huku dunia ikizunguka digrii 15 kwa saa, rubani wa Ulaya huiona ikipotoka kwa sababu ya dunia, karibu digrii 11 au 12 kila saa. Hapa Kapsokwony, chini kidogo ya digrii moja kaskazini ya ikweta, upotofu huo wa dunia ni kama sehemu mbili za kumi za digrii. Hata hivyo msuguano wa bearingi haujui ikweta, kwa hiyo mwanafunzi wa huku, kama wa kwingine, hufundishwa kuilinganisha na dira kila baada ya dakika 15.

Swali la pili, la umbali wa ardhi, linaanzia jikoni tena. Aliyepika maharagwe Mombasa na akayapika Kapsokwony anajua kwamba huku yanakula kuni. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa sababu hewa iliyo juu yetu ni kidogo na inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo. Usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni hektopaskali 1,013 kwa wastani. Kwenye mita 2,000 ni kama 795. Kadiri unavyopanda ndivyo inavyopungua, na kwa utaratibu unaojulikana. Ndani ya altimita mna kikopo chembamba cha chuma kilichozibwa. Hewa ya nje ikipungua, kikopo kinavimba. Meno madogo yanageuza uvimbe huo kuwa mzunguko wa mkono juu ya uso wenye namba. Ni mzani wa hewa uliovaa sura ya saa.

Kwa hiyo altimita haipimi umbali hadi ardhini. Inapima uzito wa hewa iliyobaki juu, kisha inakisia. Na uzito huo hubadilika hata ukikaa palepale. Hapa kwenye ikweta kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, ikiwa juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, kwa tofauti ya hektopaskali chache. Kila hektopaskali moja ni kama mita 8 kwenye altimita. Aliyeiseti asubuhi asiiguse tena, alasiri geji itamwonyesha yuko juu kuliko alivyo, kwa mita 20 au 30. Ukiwa mawinguni unaitafuta njia ya kurukia, mita 30 ni urefu wa mkaratusi. Ndiyo sababu mwongoza ndege humsomea kila rubani namba ya kanieneo ya wakati ule, na rubani hulazimika kuirudia kwa sauti.

Altimita pia haijui milima. Inasema uko mita 3,000 juu ya bahari. Haisemi kama ardhi ya mbele iko 2,000 au 3,100. Hilo linatoka kwenye ramani, na kanuni ni kali: juu ya nchi ya milima, rubani wa geji abaki angalau mita 600 juu ya kilele kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8 kutoka alipo.

Kisha kuna redio, inayompa njia ya kuteremka. Uwanja wa Eldoret, kama kilomita 80 kutoka Kapsokwony kwa njia ya anga, una mtambo wa kuongoza ndege kutua. Mwishoni mwa njia ya kurukia kuna antena zinazotuma miali miwili iliyo bega kwa bega, mmoja umebeba mtetemo wa mara 90 kwa sekunde, mwingine 150. Kipokezi cha ndege hakiulizi niko wapi. Kinauliza: upi una nguvu zaidi? Ukizidi wa 90, ndege imekwenda kushoto. Ukizidi wa 150, kulia. Ikilingana, mko katikati. Miali mingine miwili iliyolala juu na chini inafanya vivyo hivyo kwa mteremko wa digrii 3, yaani mita 52 kwa kila kilomita. Ni kama kutembea gizani kati ya watu wawili wanaoimba, ukisikiliza sauti zao zilingane. Rubani huteremka hivyo hadi takriban futi 200 juu ya uwanja, mita 60. Akiona taa, anatua. Asipoziona, anaongeza nguvu na kupanda. Hakuna kujadiliana.

Siku hizi ndege nyingi zina skrini badala ya geji za mviringo, na setilaiti hufanya kazi ya antena nyingi. Maswali hayajabadilika.

Sasa mafunzo yenyewe yanaeleweka. Kanuni ya kimataifa inataka rubani awe ameruka saa 50 za safari kati ya miji akiwa yeye ndiye nahodha, na saa 40 za kuruka kwa geji, ambapo sehemu yake inaweza kufanywa kwenye simuleta. Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wanafunzi wengi huanzia uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwanafunzi huvaa kofia yenye ukingo mrefu unaomzuia kuona nje. Macho yake hufundishwa mwendo: kwenye upeo, kisha urefu, rudi kwenye upeo, kisha mwelekeo, rudi, kisha kasi, rudi. Jicho likitulia kwenye geji moja kwa sekunde tano, nyingine zinatoroka.

Kisha mwalimu anamwambia: fumba macho, inamisha kichwa. Anaiyumbisha ndege huku na huku mpaka sikio la mwanafunzi lichanganyikiwe kabisa, anaiacha imelala na inashuka, anasema, chukua. Mwanafunzi anafumbua macho. Tumbo linamwambia ndege imelala kushoto. Upeo mdogo unasema kulia. Apunguze nguvu ya injini, anyooshe mabawa, na baada ya hapo tu ainue pua. Utaratibu huo si amri ya kukariri. Ni ile kona inayokaza tuliyoiona. Ukiinua pua kabla ya kunyoosha mabawa, umerudi kwenye mzunguko uleule. Anarudia zoezi hilo siku baada ya siku. Baadaye mwalimu anabandika karatasi juu ya upeo kana kwamba umeharibika, na mwanafunzi anaukisia kutokana na geji zilizobaki. Sikio lake halitapona. Baada ya saa 40 litaendelea kudanganya kwa nguvu ileile kama siku ya kwanza, na atahisi amelala huku amenyooka. Atakachokuwa amepata ni uwezo wa kuhisi hivyo na mkono usisogee.

Mwenye idhini hiyo mkononi anaweza kusimama Kitale mchana wa mawingu, akaangalia upande wa magharibi, akauliza: nivuke Elgon kwenda Uganda? Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote, kina mita 4,321. Ongeza 600: mita 4,921, zaidi ya futi 16,000. Cessna 172, ndege ambayo wanafunzi wengi hujifunzia, huishiwa na pumzi karibu na futi 14,000. Juu ya futi 13,000 rubani mwenyewe lazima avute oksijeni muda wote, na huko kwenye futi 16,000 joto linakaribia sufuri, wingu likawa barafu juu ya mabawa. Geji zote zikiwa nzima na sikio likiwa limenyamazishwa, hesabu bado inasema hapana. Ramani yake anaikunja upande wa kusini: Bungoma, kisha Tororo, kwenye nchi ya chini.